Ndege wakihama, wadudu hubaki: Jihadhari na wafyonza damu wa viotani

Wiki hii tutazungumzia jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja hata mbele ya daktari: kuumwa na wadudu usiku. Wakazi wa mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Kaloleni, Makongeni na Bahati hadi Umoja, Kayole na Dandora, hawahitaji kufundishwa kunguni ni nani. Wengi wamepigana naye kwa maji moto, kwa mafuta taa na kwa kila aina ya dawa inayouzwa kando ya barabara.

Hata hivyo, kuna familia ambazo zimeosha, zimeanika, zimepulizia dawa na hata zimetupa godoro, lakini mwasho haukomi. Huenda familia kama hizo zinamtafuta adui mahali asipokuwepo. Adui wao hakuja na mgeni wala na kochi la mitumba. Ametoka juu, kwenye viota vya ndege vilivyo chini ya paa, au nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha njiwa na kizimba cha kuku.

Tutawatazama wadudu hao wanaofyonza damu ya ndege, tuone jinsi wanavyomfikia binadamu, madhara yao, na namna ya kuwaondoa bila kuhatarisha maisha ya watoto wetu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu mara nyingi dawa inayotumiwa huumiza watu kuliko mdudu mwenyewe.

NDEGE WANAOISHI KWA MAKUNDI

Kuna ndege wanaojenga kiota kimoja kimoja, mbali na wenzao. Wengine hujenga kwa makundi, kiota kikigusana na kiota, kama vyumba vya ploti. Hapa Nairobi tunao wengi wa aina hiyo. Teleka wadogo, wale ndege weusi wenye kiuno cheupe wanaozunguka angani jioni huku wakipiga kelele, hubandika viota vyao chini ya penu za maghorofa, chini ya roshani na chini ya madaraja. Kiota chao hutengenezwa kwa manyoya na nyasi zinazogandishwa kwa mate, na hutumiwa tena na tena. Teleka akikiacha, shomoro huweza kukitwaa.

Njiwa nao wamezoea majengo yetu. Wapo wa porini wanaolala kwenye matundu ya hewa na juu ya matangi ya maji, na wapo wanaofugwa na vijana katika masanduku ya mbao juu ya paa. Njiwa jike hutaga mayai 2 kwa kawaida, na huzaa karibu mwaka mzima, kwa hiyo kiota chake hakikosi makinda kwa muda mrefu. Kuku hajengi kundi kwa hiari yake, lakini sisi humlundika na wenzake katika kizimba kidogo, na kwa mdudu hilo ni sawa na kundi la viota.

Kwa mdudu anayeishi kwa damu, mahali kama hapo ni karamu. Makinda hayana manyoya, ngozi yao ni laini, na hayawezi kukimbia. Kiota kina joto na nyufa za kujificha mchana. Akimaliza hapa, jirani hayuko mbali.

SOMO KUTOKA NEBRASKA

Mfano mzuri umetoka Marekani. Kuanzia mwaka 1982, mtafiti Charles Brown na mwenzake Mary Bomberger Brown waliwachunguza mbayuwayu wa jimbo la Nebraska wanaojenga viota vya udongo chini ya madaraja. Ndege hao husumbuliwa na kunguni wa aina yao. Watafiti hao waligundua kwamba kundi lilipokuwa kubwa, idadi ya kunguni katika kila kiota iliongezeka pia. Walipopulizia dawa baadhi ya viota na kuviacha vingine, makinda ya viota vilivyopuliziwa yalikuwa mazito zaidi, na mengi zaidi yalipona. Katika makundi makubwa, makinda ya viota visivyopuliziwa yalidhoofika kwa kunyonywa damu.

Msomaji wa Huruma au Umoja ataelewa mara moja. Nyumba ya ghorofa 6 yenye vyumba vinavyotenganishwa na ukuta mmoja haina tofauti kubwa na viota vya chini ya daraja. Mpangaji mmoja akipulizia dawa peke yake, wadudu huhamia kwa jirani, kisha hurudi siku jirani naye atakapopulizia. Ndiyo sababu vita hivi haviwezi kushindwa na chumba kimoja.

WAJUE KWA MAJINA

Kunguni. Jamii ya kunguni ina aina zaidi ya 100 duniani, na nyingi kati yao hazimjui binadamu kabisa. Huishi kwa damu ya popo na ndege. Katika mapango ya Mlima Elgon, kwa mfano, kuna kunguni wanaofyonza popo, na wanasayansi wamewafuata humo ndani kuwachunguza. Uchunguzi wa chembechembe za urithi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba jamii hii ilikuwepo miaka milioni 115 hivi iliyopita, kabla ya popo wenyewe. Binadamu basi ni chakula chao cha juzi tu.

Kunguni wa nyumbani katika nchi za joto, ambaye wataalamu humwita Cimex hemipterus, hambagui binadamu na kuku. Akikosa mmoja humwendea mwingine. Jambo hili ni muhimu sana kwa wale wanaolaza kuku jikoni au chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Unaweza kusafisha kitanda chako kikang'aa, na kumbe ghala la kunguni liko kwenye mbao za kizimba. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, ni bapa, na rangi yake ni kahawia. Akishiba huwa mwekundu na mnene. Kabla ya kukomaa hupitia hatua 5, na katika kila hatua ni lazima apate damu ndipo ajivue gamba.

Nzi wa njiwa. Huyu ni nzi bapa, wa rangi ya kahawia, anayekimbia upandeupande kati ya manyoya ya njiwa kama kaa. Tofauti na nzi wengine, jike hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni mwake hadi akomae, kisha humwangusha kwenye takataka za kiota, ambako hugeuka bundo jeusi dogo kama mbegu. Mwenye kufuga njiwa anayewashika kila siku humjua mdudu huyu vizuri, maana humrukia kwenye nywele au shingoni, na mara nyingine humuuma. Teleka nao wana nzi wa jamii hiyohiyo.

Kiroboto wa kuku. Wako viroboto wanaojishikiza kwa wingi kwenye uso wa kuku, kuzunguka macho, upanga na ndefu, hata ukadhani kuku amemwagiwa punje za ulezi. Hawaruki ovyo kama viroboto wa mbwa. Huzamisha mdomo na kukaa hapohapo kwa siku nyingi. Kuku mdogo huweza kufa kwa kuishiwa damu. Mayai yao huanguka chini na mabuu hukulia kwenye vumbi la banda. Wanaweza pia kujishikiza kwa mbwa, paka, na hata kwa mtoto anayechezea hapo.

Utitiri na kupe wa kuku. Hawa kwa kweli si wadudu, kwa kuwa wana miguu 8 kama buibui, lakini hatuwezi kuwaacha kando. Utitiri ni mdogo kama chembe ya pilipili iliyosagwa. Mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya. Katika hali nzuri, yai huwa utitiri mkubwa kwa muda wa wiki 1 hivi, na ndiyo sababu huongezeka kwa kasi ya kutisha. Unaweza kukaa bila chakula kwa miezi kadhaa. Kupe laini wa kuku naye ni ndugu wa papasi. Huvizia kwenye nyufa, hunyonya usiku, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko.

WANAVYOFIKA KITANDANI

Maadamu ndege wapo, wadudu hawa hawana haja nawe. Damu ya ndege ndiyo waliyoizoea. Taabu huanza ndege wanapoondoka. Makinda yakiota mabawa na kuruka, au mwenye nyumba akiangusha viota kwa ufito, au familia ikichinja kuku wote wakati wa Krismasi, maelfu ya midomo hubaki na njaa. Baada ya siku chache huanza kutembea kufuata joto la mwili na pumzi. Hupitia kwenye matundu ya hewa, kwenye dari, na pembeni mwa madirisha.

Nakumbuka mama mmoja aliyemleta mtoto wake wa miezi 8. Mtoto alikuwa na vipele kiunoni, kwapani na shingoni, na alikuwa amekosa usingizi kwa wiki 3. Alikuwa ametibiwa upele mara mbili mahali pengine, na nyumba nzima ikapakwa dawa, bila nafuu. Nilimuuliza kuhusu kuku, akasema hawafugi. Nilipomuuliza kuhusu ndege, alicheka. Kisha akakumbuka kwamba msimamizi wa ploti alikuwa ameangusha viota vilivyokuwa juu ya dirisha la chumba cha kulala mwezi uliotangulia. Jioni ile alipitisha utepe wa gundi kwenye kizingiti cha dirisha, na asubuhi akanirudishia ukiwa na vidoa vyekundu vinavyotembea. Ulikuwa utitiri. Dirisha liliposafishwa na nyufa kuzibwa, mtoto alipona bila dawa nyingine ya maana.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza, ukiona mwasho usioeleweka, ni hili: je, kuna ndege waliohama karibu na hapa?

JINSI YA KUTOFAUTISHA

Alama ya kuumwa peke yake haitoshi kumtambua mdudu, lakini husaidia kuelekeza mawazo.

Kunguni huuma sehemu zilizo wazi usiku, yaani mikono, shingo, uso na miguu. Vipele vyake mara nyingi hufuatana kwa mstari au kwa kundi. Tafuta madoa meusi kwenye mishono ya godoro na kwenye viungo vya kitanda.

Viroboto huuma zaidi vifundoni na kwenye miundi, na kila kipele huwa na nukta nyekundu katikati.

Utitiri wa ndege huacha vipele vidogo vinavyowasha mno, hasa pale nguo inapobana, kama vile kiunoni na kwapani. Haukai mwilini mwa binadamu na hauzaani hapo.

Upele wa kuambukiza, ambao pia hutokana na aina ya utitiri, ni ugonjwa tofauti kabisa. Huo huchimba ngozi na kuishi ndani yake. Hupenda kati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kwenye makalio na sehemu za siri, nao huambukizwa kwa kugusana. Huu unahitaji dawa ya kupaka kwa watu wote wa nyumba kwa siku moja.

Usishangae watu wawili wakilala kitanda kimoja na mmoja tu akaonekana ameumwa. Vipele hutokana na jinsi mwili unavyoyapinga mate ya mdudu. Miili hutofautiana. Mwenye ngozi isiyo na alama huenda ameumwa sawasawa na mwenziwe.

JE, HULETA MAGONJWA?

Hapa pana uvumi mwingi. Tuanze na lililo kubwa: kunguni hawaambukizi Ukimwi. Virusi hivyo haviwezi kuzaana ndani ya mdudu, na hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa kwa njia hiyo. Kuhusu homa ya ini aina ya B, watafiti nchini Gambia walipulizia dawa nyumba za watoto na kupunguza kunguni kwa kiasi kikubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba maambukizi ya homa hiyo hayakupungua. Maana yake ni kwamba si kunguni waliokuwa wakiieneza.

Wadudu wa ndege hueneza magonjwa ya ndege. Mwaka 1906, ndugu wawili, Edmond na Étienne Sergent, walionyesha huko Algeria kwamba nzi wa njiwa ndiye anayeeneza kimelea cha damu ya njiwa kinachofanana na malaria. Kabla ya hapo, mwaka 1898, Ronald Ross akiwa Calcutta, India, alikuwa ameonyesha kwamba mbu hueneza malaria ya ndege, na ugunduzi huo ukafungua njia ya kuielewa malaria ya binadamu. Vimelea hivyo vya ndege havimshiki binadamu. Kadhalika, kunguni wa wale mbayuwayu wa Nebraska wana virusi vinavyoitwa Buggy Creek, ambavyo huwaua makinda ya shomoro, lakini havijulikani kuwadhuru watu.

Hilo halina maana kwamba hakuna madhara. La kwanza ni kukosa usingizi. Mtoto asiyelala usiku hawezi kusoma mchana, na mtu mzima anayekesha akijikuna hufika kazini akiwa amechoka. La pili ni vidonda. Kucha zenye uchafu huingiza bakteria kwenye ngozi iliyochunika, usaha hutunga, na baadhi ya bakteria hao huweza baadaye kusababisha uvimbe wa mafigo kwa watoto. La tatu ni upungufu wa damu. Pale kunguni wanapokuwa wengi mno, kumeshuhudiwa watu waliopungukiwa na damu kwa sababu yao, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga na wale ambao tayari hawali vizuri. La nne ni mzio. Wachache huvimba midomo na kushindwa kupumua vizuri, na hao wanahitaji hospitali mara moja.

Pia kumbuka kinyesi cha njiwa. Kikikauka na kuwa vumbi huweza kubeba kuvu inayoingia mapafuni na kusababisha homa ya uti wa mgongo, hasa kwa watu ambao kinga yao imepungua. Usikifagie kikiwa kikavu.

MATIBABU YA NGOZI

Osha mahali palipoumwa kwa maji na sabuni. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 10 ili kupunguza mwasho. Losheni ya kalamaini husaidia, nayo ni ya bei nafuu. Vidonge vya kuzuia mzio hufaa usiku, lakini kwa mtoto mdogo muulize kwanza muuguzi au mfamasia kuhusu kipimo. Kata kucha za watoto ziwe fupi.

Nenda kituo cha afya ukiona usaha, homa, wekundu unaosambaa, mkojo wa rangi ya chai, au uso kuvimba.

Usipake mafuta taa mwilini. Usimwogeshe mtoto kwa dawa ya kuoshea mbwa au ng'ombe. Usitumie krimu kali za kujichubua kama tiba ya mwasho. Nimeona ngozi zilizoungua kwa mambo haya matatu, na zote zilikuwa zimeanza na vipele ambavyo vingepona vyenyewe kwa wiki moja au mbili.

SUMU ILIYO HATARI KULIKO MDUDU

Sokoni na kwenye vituo vya matatu kuna wachuuzi wa chupa ndogo zisizo na maandishi, zenye maji meupe au ya manjano, wakitangaza kwamba zinaua kunguni, mende na panya. Nyingi huwa ni dawa kali za shambani zilizopunguzwa kwa maji. Dawa za aina hiyo huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, na ya mtu vilevile.

Dalili za mtu aliyedhurika ni mate na machozi kumtoka kwa wingi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, kutapika, kuharisha, misuli kurukaruka, na kupumua kwa shida. Mtoe nje penye hewa. Mvue nguo zilizolowa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ukijikinga mikono. Usimlazimishe kutapika wala usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Hospitalini kuna dawa ya kupambana na sumu hiyo, ikiwemo sindano ya atropini, lakini husaidia akifika mapema.

La kutisha zaidi ni vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani. Watu wengine huviweka chini ya godoro na kufunga mlango. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu ambayo haina dawa ya kuizima. Gesi hiyo haijui mpaka wa chumba chako. Hupenya kwenye nyufa na kwenye dari hadi kwa jirani aliyelala. Vidonge hivyo visiingizwe kabisa katika nyumba ya watu.

Nunua tu dawa iliyo katika kopo lake la asili, yenye nambari ya usajili ya bodi ya serikali inayosimamia dawa za kuua wadudu, na ufuate maandishi yake. Jua pia kwamba kunguni wengi duniani wamezoea dawa za jamii ya pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu kwa kulilima. Ukipulizia mara mbili na bado wanatembea, kuongeza kipimo hakutasaidia. Utakuwa unawapa sumu watu tu.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, tafuta chanzo. Kagua kizimba, kibanda cha njiwa, penu, matundu ya hewa na dari. Kagua usiku kwa tochi, maana ndipo wanapotembea.

Pili, usiharibu kiota chenye mayai au makinda. Pamoja na kwamba ndege wa porini wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, utawafukuzia wadudu chumbani mwako. Subiri makinda yaruke. Mara tu yanaporuka, siku ileile ikiwezekana, toa kiota.

Tatu, unapotoa kiota, funga madirisha, vaa glavu na ufunike pua na mdomo. Nyunyizia maji ya sabuni kwanza ili vumbi lisiruke. Tia kila kitu katika mfuko wa plastiki, ufunge kabisa, uutupe mbali siku hiyohiyo. Sugua mahali pale kwa maji moto na sabuni.

Nne, ziba nyufa kwa saruji au plasta, na uweke wavu wa waya kwenye matundu ya hewa ili ndege wasirudi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili maneno yao ni ya kweli kabisa.

Tano, watoe kuku katika nyumba ya kulala. Kizimba kiwe mbali na ukuta, na kisiwe na mbao zilizopasuka. Badilisha matandazo mara kwa mara. Mimina maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao. Waachie kuku jivu kavu la kuogea. Unga mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, huua wadudu kwa kukwaruza gamba lao hadi wakauke. Unyunyize kidogo kwenye nyufa, na usiuvute puani.

Sita, wafuga njiwa wasafishe viota kila baada ya wiki 2 au 3. Nzi wa njiwa huhitaji takriban wiki 3 au 4 kutoka katika bundo lake, kwa hiyo ukifagia kabla ya hapo unamkatia kizazi.

Saba, kama kunguni wameshaingia kitandani, fua matandiko kwa maji moto kabisa, piga pasi kwenye mishono, mimina maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda, na usogeze kitanda mbali na ukuta. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa.

Nane, shirikianeni. Wapangaji wote pamoja na mwenye nyumba wapange siku moja. Afisa wa afya ya umma wa eneo lenu anaweza kuitwa kutoa ushauri.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, kuwa na wadudu hawa ni dalili ya uchafu? Hapana. Kunguni hafuati uchafu, hufuata damu. Nyumba safi yenye viota juu ya dirisha iko hatarini kuliko nyumba chafu isiyo na ndege.

Je, niwaue njiwa na teleka wote? Hapana. Ukiwaua, utabaki na wadudu wao. Teleka humeza wadudu wengi wanaoruka angani kila siku. Tunachotaka ni wajenge mbali na dirisha la chumba cha kulala.

Je, utitiri wa kuku unaweza kuishi katika nywele zangu? La. Huweza kutembea humo kwa muda, lakini kuoga na kubadili nguo kunatosha.

Je, niyatupe magodoro yote? Mara nyingi si lazima. Godoro lililotupwa nje huokotwa na mwingine, nalo huwapeleka kunguni nyumba ya pili. Kama ni lazima ulitupe, lipasue kwanza lisiweze kutumika tena.

Mpendwa msomaji, usione haya kumweleza daktari kwamba unaumwa na wadudu, wala usimwache jirani ateseke peke yake kwa kuogopa kuchekwa. Na kabla ya kununua chupa yoyote isiyo na jina, toka nje, inua macho, utazame juu ya dirisha lako. Huenda jibu liko hapo.